Wametuandikia "Usiguse", na sisi ni wa Gusii

Waulize wasee waliowahi kupelekwa na shule kwenye makavazi wanakumbuka nini. Wengi watakutajia vitu vitatu: safari ya basi, mkate na soda, na kibao kilichoandikwa USIGUSE. Vitu vyenyewe vilivyokuwa nyuma ya kioo wachache sana wanavikumbuka. Mwalimu alisema mfuatane kwa laini, mikono nyuma, msipige kelele. Mkapita. Mkarudi kwa basi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoagana na kitu kinachoitwa maonyesho ya sanaa.

Kibao hicho kinachekesha zaidi kikisomwa na mtu wa Gusii, kwa sababu sanaa iliyotutangaza duniani ni ya kushikwa. Namaanisha jiwe la Tabaka, lile laini ambalo watalii huliita jiwe la sabuni. Ukilishika, mkono wako unaelewa kitu ambacho jicho lilikuwa bado linatafuta. Ni baridi, ni laini kama limepakwa mafuta, na ni zito kuliko ulivyodhani. Ndiyo maana kwenye maduka ya Nairobi na Mombasa mteja huinua kwanza, halafu ndipo anauliza bei.

Sasa dunia ya sanaa imegeuza kile kibao. Kwa zaidi ya miaka 50, wasanii wengi wa kisasa wamekuwa wakimwambia mtazamaji: gusa, panda, teleza, vaa, kula, cheza. Sanaa shirikishi, ndivyo inavyoitwa. Bila wewe, kazi haijakamilika. Picha za mambo haya zinatufikia Kebirigo kupitia simu. Tunaona vyumba vya vioo, mabembea na mataa, na tunadhani ni vitu vya majuu tu, vya watu wenye doh na muda.

Mimi nasema hivi: kucheza na sanaa hatuletewi na mtu. Tumekuwa nako, tena mawe tunayo, mikono tunayo. Tunachopaswa kujifunza ni kutofautisha mchezo wenye maana na mchezo wa kupiga picha tu. Kisha tudai wa kwanza uletwe hapa, karibu na stendi ya boda boda.

Walivyoanza kuteleza London

Tuanze na mfano unaotajwa sana. London kuna jumba la sanaa linaloitwa Tate Modern. Zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, na lile ukumbi la mitambo limebaki wazi, kubwa kama uwanja. Mwaka 2006 msanii Carsten Höller alifunga humo telezo tano za chuma na plastiki, nyingine zikianzia ghorofa za juu. Watu wazima wenye suti na mikoba walipanga foleni wateleze. Wakifika chini wanacheka kama watoto. Msanii alisema kazi yenyewe ni kile kinachokupata ukiwa katikati ya kuteleza: hofu kidogo, raha kidogo, na kupoteza ile sura ya "mimi ni mtu wa maana".

Mtoto wa Kebirigo akisikia hayo atacheka pia, lakini kwa sababu nyingine. Huku kwetu ni vilima juu ya vilima, na mvua hainyimi. Kipande cha gogo la mgomba, mteremko ulioloa, basi, mmeanza. Hakuna tiketi. Ukifika chini umejaa matope, na nyumbani mama ana kazi na wewe. Höller hakugundua raha ya kuteleza. Alichofanya ni kuichukua mahali ambapo watu wazima wameikatazwa na kuiweka mahali ambapo watu huongea kwa kunong'ona. Hapo ndipo palikuwa na ujanja, na hapo ndipo tunapaswa kuangalia.

Miaka 35 kabla yake, mambo hayakwenda sawa. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Morris aliweka kwenye Tate ya zamani mbao za kupanda, mapipa ya kuviringika na kamba za kutembelea. Watu walivamia kwa furaha kubwa, wengine wakaumia, mbao zikavunjika, na maonyesho yakafungwa baada ya siku chache tu. Mwaka 2009 yalijengwa upya Tate Modern, yakiwa imara zaidi. Funzo ni rahisi: ukiruhusu watu wacheze, watacheza kweli. Jiandae.

Halafu kuna kazi ambazo mchezo wake haukufanyi ucheke sana. Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Cuba aliyeishi Marekani, mwaka 1991 alirundika peremende kwenye kona ya chumba. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 79, sawa na uzito wa mpenzi wake Ross alipokuwa mzima. Ross alikuwa amekufa kwa Ukimwi. Kila mgeni anaruhusiwa kuchukua peremende moja na kuila. Rundo linapungua polepole kama mwili wa mgonjwa unavyopungua, na wewe mwenyewe unashiriki kuupunguza ukiwa na utamu mdomoni. Kisha wenye jumba wanaweza kujaza tena. Hapo unacheza, lakini kitu kinakukwama kooni. Kwa watu waliozika ndugu na majirani miaka ile ya tisini, hakuna haja ya mtu kueleza zaidi.

Sataranji nyeupe na sataranji ya Tabaka

Mwaka 1966, msanii wa Kijapani Yoko Ono alionyesha kwenye galari ya Indica, London, meza ya sataranji. Wengi tunaiita chesi. Ubao wote mweupe. Vipande vyote vyeupe, vyako na vya mwenzako. Unaanza vizuri, unajua askari wako ni wapi. Baada ya hatua kadhaa umechanganyikiwa: huyu farasi ni wangu au ni wako? Mnalazimika kuaminiana, au mnaacha kupigana. Kazi hiyo bado inaonyeshwa tena na tena, na inatajwa kila mara watu wanapozungumzia sanaa ya kuchezewa.

Sasa nenda Tabaka, huko South Mugirango, kaunti ya Kisii. Kutoka hapa unapanda Probox hadi Nyamira na Kisii, kisha unaunganisha. Katika vitu vinavyochongwa kwa wingi kule ni sataranji za mawe. Utakuta mfalme ana sura ya mzee wa Kimaasai, askari ni nyumba za msonge, farasi ni twiga. Utakuta mbao za bao zenye vishimo na kokoto zake. Utakuta mchezo ule wa sufuri na msalaba ambao sisi tulikuwa tukichora mchangani. Utakuta mayai, vibakuli, ndovu, na zile sanamu za familia iliyokumbatiana hadi hujui mkono wa nani ni upi.

Angalia basi kinachotokea. Sataranji ya Yoko Ono ikiwekwa London inaitwa sanaa na watu wanaandika vitabu. Sataranji ya Tabaka ikiwekwa kando ya barabara inaitwa zawadi ya mtalii, na inapatanwa bei. Zote mbili zinataka watu wawili wakae na wachezee. Sisemi ni kazi moja. Ono alikuwa na wazo la vita na uaminifu, na alilitimiza kwa kuondoa rangi moja tu. Mchongaji wa Tabaka mara nyingi ana oda ya vipande mia na tarehe ya kuwasilisha. Lakini tofauti hiyo haitokani na uwezo wa mikono. Inatokana na nani amepewa nafasi ya kusema, "Hili ni wazo langu, kaa hapa ulicheze."

Na wapo waliopewa nafasi hiyo. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, sanamu yake ya ndege wa amani iko kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha kubwa la Smithsonian jijini Washington, Ong'esa alikuwa miongoni mwa waliochonga jiwe hadharani, wageni wakizunguka na kutazama vumbi likiruka na umbo likitokea. Hiyo nayo ni sanaa shirikishi: watu wanaona kazi ikizaliwa, wanauliza, wanajibiwa na mwenyewe. Kwetu, mtu wa kawaida wa Nyamira angeona hilo wapi bila kusafiri?

Vumbi la London, vumbi la Tabaka

Kuna kisa kimoja ambacho kila kijana wa Gusii anapaswa kukijua. Oktoba 2010, katika ukumbi uleule wa Tate Modern, Mchina Ai Weiwei alimwaga mbegu za alizeti milioni 100. Hazikuwa mbegu. Kila moja ilitengenezwa kwa udongo mzuri wa kauri na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Wageni waliruhusiwa kutembea juu yake, kulala, kujirushia. Watoto walifurahi mbaya.

Raha hiyo ilidumu siku chache tu. Miguu ya watu ilisaga zile mbegu zikatoa vumbi la kauri, na wenye jumba wakasema likivutwa kwa muda mrefu linaweza kuharibu mapafu. Wakafunga kamba. Kuanzia hapo ukawa unatazama kwa mbali tu. Watu walilalamika kwamba kazi imekufa, lakini uamuzi ulikuwa wa haki: afya kwanza.

Haya, turudi Tabaka. Jiwe linachimbwa kwa mkono kutoka machimboni, linakatwa kwa msumeno na panga, linachongwa kwa visu na patasi. Hatua hizo za kukavu hutoa vumbi jeupe linalotua kwenye nyusi, kwenye nguo, kwenye chai. Baadaye vipande hutiwa kwenye beseni la maji na kusuguliwa kwa msasa, kazi ambayo mara nyingi ni ya kina mama na vijana, ndipo vipakwe nta ving'ae. Maji hupunguza vumbi, lakini mchongaji mwenyewe ameshalivuta tangu asubuhi, na barakoa ni kitu cha wachache. Hakuna aliyekuja na kamba kufunga.

Sikuleta hiki kisa ili tuwaonee wivu watu wa London. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha swali ambalo maonyesho ya kuchezewa huwa yanalificha chini ya kicheko: mchezo wangu umegharimu mwili wa nani? Mgeni aliyetembea nusu saa juu ya mbegu alilindwa. Aliyezitengeneza na anayesugua jiwe kila siku, habari zake hazimo kwenye bango la maonyesho. Sanaa inayotuita tucheze ingekuwa ya haki kama ingetuonyesha pia beseni, msasa na mapafu.

Nairobi na Kampala wamefika wapi

Tusijidanganye kwamba Afrika Mashariki tumelala. Cyrus Kabiru wa Nairobi, ambaye hakufundishwa na chuo chochote, alijulikana kwa miwani anayotengeneza kwa vyuma chakavu, nyaya, vijiko na visoda. Anaiita C-Stunners. Ukiiweka mezani ni takataka iliyopangwa vizuri. Ukiivaa, ghafla wewe ndiye maonyesho. Kila mtu anageuka. Miwani hiyo inahitaji uso wa mtu ili ikamilike, na uso wa Kayole una haki sawa na uso wa Paris.

Kibera kuna Maasai Mbili, kikundi kilichoanzishwa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakichora mabango ya maduka. Studio yao iko barabarani, si nyuma ya geti. Mpita njia anaingia, anauliza, mtoto anachukua brashi. Mwenzao Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na milango. Ukuta wa jirani ulikuwa ukurasa, na kila aliyepita alilazimika kuusoma na kuamua. Hapo hakuna aliyelipa kiingilio, na kilichokuwa hatarini ni uhai wa watu.

Mwaka 2013 kituo cha sanaa cha GoDown kilianzisha tamasha la Nai Ni Who, ambapo watu wa mitaa ya Nairobi wenyewe waliwatembeza wageni mitaani mwao. Maonyesho yakawa ni mtaa, na anayeeleza ni mwenyeji. Kampala nako, tamasha la KLA ART mwaka 2014 liliwakutanisha wasanii na waendesha boda boda, pikipiki zikageuzwa kazi za sanaa zinazozunguka mjini. Hebu pata picha hiyo. Huna haja ya kwenda kwa sanaa, sanaa inakuja na kukuuliza, "Unaenda wapi?"

Na mwaka 2021, Nairobi, katika Makavazi ya Kitaifa, kulikuwa na maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyohusisha kikundi cha Nest cha Nairobi na wenzao wa Ulaya. Walikuwa wamehesabu vitu vya Kenya vilivyoko kwenye makavazi ya nje wakapata zaidi ya 32,000. Ndani ya ukumbi waliweka makabati ya vioo yaliyo matupu. Unasogea, unaangalia, unajiona mwenyewe kwenye kioo. Vigoda, ngao na vyombo ambavyo babu zetu walivishika kila siku viko mbali, na mjukuu hawezi hata kuandikiwa "usiguse" maana hakuna cha kugusa. Sijaona mchezo mchungu kama huo.

Usinisahaulishe matatu. Kabla ya neno "shirikishi" kufika, nganya za Nairobi zilikuwa na michoro, muziki na makanga anayecheza mlangoni. Sheria za Michuki za 2004 zilizifuta rangi hizo, na miaka kama 10 baadaye zikaruhusiwa tena. Watu walizipigania kwa sababu zilikuwa sanaa wanayopanda kila asubuhi.

Mchezo wa kweli na mchezo wa selfi

Lakini si kila kinachoitwa shirikishi ni kitu. Siku hizi kuna vyumba vilivyojaa mabawa ya malaika ukutani, mipira ya plastiki, mataa ya rangi na kiti cha kupigia picha. Unalipa, unasimama, unapigwa picha, unatoka. Ukimwuliza mtu alipata nini, anakuonyesha simu. Hakuna ubaya, raha ni raha. Lakini hapo wewe hukucheza na kazi. Ulitumika kama tangazo la bure la mwenye chumba.

Mimi nina maswali matatu ninayoyatumia kupima.

La kwanza: nikigusa, kuna kitu kinabadilika? Mjapani Yayoi Kusama, mwaka 2002 huko Brisbane, Australia, alitengeneza chumba cheupe pe, viti vyeupe, meza nyeupe, piano nyeupe. Watoto wakapewa vibandiko vya duara vya rangi, wabandike popote. Baada ya wiki kadhaa chumba kilikuwa kimepotea chini ya rangi. Kila kibandiko kilihesabika. Mtoto aliyekuja siku ya kwanza na aliyekuja siku ya mwisho waliona vyumba viwili tofauti, na wote wawili walivitengeneza. Huo ni mchezo. Ukuta wa mabawa uko vilevile kabla na baada yako.

La pili: nani anaweza kucheza? Mtoto wa miaka minane, nyanya wa miaka sabini, mtu wa kiti cha magurudumu, mtu asiyeona. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kibao cha "Usiguse" kwa mtu asiyeona maana yake ni "Usiingie". Na sisi ndio wenye jiwe ambalo lingemweleza kila kitu kupitia vidole: pembe ya twiga, mgongo wa mama aliyebeba mtoto, mahali patasi iliposimama. Maonyesho ya mawe ya Gusii yanayokataza kugusa ni kama kupika matoke ukawaambia wageni wanuse tu.

La tatu: inahitaji mtu wa pili? Mwaka 2017 kikundi cha Superflex kutoka Denmark kilifunga Tate Modern mabembea ya watu watatu watatu. Ukikaa peke yako haliendi vizuri. Mkikaa watatu mkasukumana pamoja, linapaa. Ni kama drafti ya pale stendi. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa, vipande ni visoda, vingine vimegeuzwa juu chini ili kutofautisha timu. Wachezaji ni wawili, lakini washauri ni kumi, na kila mmoja anajua hatua ambayo ungepaswa kuifanya. Mtu asiyejua jina la jirani yake anajua anavyocheza. Mchezo mzuri wa sanaa unapaswa kufanya angalau hivyo.

Tuseme ni Kebirigo

Sasa nitupe wazo, mlichambue. Kebirigo hatuna galari. Tuna soko, tuna kiwanda cha chai, tuna shule, tuna barabara yenye watu asubuhi hadi jioni. Kwa aina hii ya sanaa, hizo ni rasilimali tosha.

Chukua meza moja ya jiwe kutoka Tabaka, ubao wa drafti ukiwa umechongwa juu yake, iwekwe kwenye stendi. Vipande visiletwe vikiwa tayari. Viletwe vikiwa mawe ghafi, na kando kuwe na beseni la maji na msasa. Kila anayetaka kucheza asugue kwanza kipande chake kimoja. Atajua inachukua muda gani. Mikono itamweleza kwa nini kibakuli cha mawe hakistahili bei ya kutupa. Na kwa kuwa tunasugua majini, vumbi halituingii, na mchongaji aliyealikwa atueleze siku yake ya kawaida inaingiaje.

Pili, majani chai. Kila mtu hapa amebeba kikapu, au mama yake amebeba. Weka kwenye kituo cha kununulia chai, siku ambayo hakuna mapokezi, rundo la majani mabichi na mizani ile ya kuning'iniza. Mgeni achukue kiasi anachodhani kinatosha kutengeneza kilo moja ya majani makavu, apime. Wengi watachukua kidogo. Inahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kisha aandike ukutani bei ambayo angeuza yeye. Kufikia jioni majani yamesinyaa na ukuta umejaa namba. Wakati wa gumzo la bonasi, ukuta huo ungesema mambo ambayo mkutano wa hadhara hausemi. Gonzalez-Torres alifanya hivyo kwa peremende na mwili wa mpenzi wake. Sisi tuna majani na migongo ya mama zetu.

Tatu, boda boda. Watu wa Kampala walionyesha inawezekana. Kila mwendeshaji achague kitu kimoja cha kueleza kuhusu njia yake, achore au aandike na msanii kwenye kikinga tope au kwenye mwavuli. Abiria akiuliza, aelezwe. Nauli ni ileile.

Haya yote hayahitaji jumba la vioo. Yanahitaji watu wa idara ya utamaduni ya kaunti kukubali kwamba utamaduni hauishii kwenye ngoma za kumkaribisha mgeni wa heshima. Yanahitaji pia wachongaji walipwe kwa kuja, kama vile mtu wa sauti na mtu wa hema wanavyolipwa. Na yanahitaji mtu wa kuangalia usalama, maana tumeona yaliyotokea mwaka 1971.

Kwa nini sasa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu, na moja ya njia tatu wanazoweza kuchagua ni Sanaa na Michezo. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Lakini mtoto wa Nyamira anayechagua njia hiyo anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuingia kwenye maonyesho yoyote, isipokuwa ile ziara ya basi, mkate na soda. Atasoma kuhusu sanaa jinsi tulivyosoma kuhusu kuogelea: kwa ubao na chaki.

Mzazi naye atamwuliza, "Hiyo sanaa itakupa nini?" Ni swali la haki, na kijana hawezi kulijibu kwa maneno ambayo hajayaona. Akikaa kwenye meza ya jiwe aliyosaidia kuisugua, mzee wa mtaa akiwa upande wa pili anampiga drafti na kumcheka, na nyanya yake akiwa anabishana na ukuta kuhusu bei ya chai, hapo ana kitu cha kumwonyesha mzazi wake kwa kidole.

Kwa hivyo walimu wa sanaa wa Nyamira, kabla hamjapanga basi la Nairobi, pangeni la Tabaka. Ni karibu, ni nafuu, na hakuna atakayewaambia muweke mikono nyuma. Wasee wa stendi, ule ubao wenu wa drafti msiudharau. Na kwa wale wanaopanga maonyesho ya kesho, popote pale, mkituletea mawe yetu tafadhali acheni kile kibao ofisini.